Madirisha Sita na Waya Mmoja

Jumapili, 2 Machi

Wifi yangu,

Kisanduku cha mitambo ulichonitumia kimefika salama. Dereva alikileta kimeviringishwa kwenye magazeti na taulo lako la zamani. Taulo nimelichukua, usiliulizie.

Sasa nisikilize. Unajua ukumbi ni mali ya chama cha ushirika, mimi ni msimamizi tu. Ijumaa kamati imekaa. Kuna mfanyabiashara wa magodoro anataka ukumbi mzima uwe ghala lake kwa miaka mitano. Mwenyekiti akaniambia mbele ya wote: "Mama Ukumbi, mwaka wa pili huu humo ndani wanaingia popo tu. Nionyeshe siku moja watu wamejaa na mitambo inafanya kazi, nami nitayarudisha magodoro yalikotoka." Siku hiyo tumekubaliana ni Jumamosi tarehe 29. Isipofanikiwa, viti vinang'olewa tarehe mosi.

Kikundi cha maigizo kimekubali kucheza. Igizo lao ni la nyumba ya ghorofa, alfajiri. Wamejenga ukuta wa mbao wenye madirisha sita, na nyuma ya kila dirisha tumeweka skrini moja, zile sita tulizorithi kutoka benki. Wakazi wanaamka mmoja mmoja. Dirisha likiwaka, unamwona mtu kwenye skrini anavaa viatu, mwingine anapiga mswaki, kisha wanatoka jukwaani wenyewe. Wanaitana, wanagombana, wanasuluhishana. Raha tupu.

Tatizo ni rimoti. Ukibonyeza kuwasha skrini moja, zinawaka zote sita. Unaita mmoja wanakuja wote, kama watoto waliosikia karatasi ya peremende. Wakazi wote wakiamka kwa mpigo, igizo limekwisha kabla halijaanza.

Kazi yako ni kufunga mitambo ya kumbi za watu huko ughaibuni. Njoo ufunge na ya kwetu. Kaka yako ameshapaka rangi chumba cha wageni, na yeye humjui kwa kushika brashi.

Wifi yako,
Mama Ukumbi


Jumanne, 4 Machi

Mama Ukumbi,

Siji. Kazi imenibana na mkataba hauniruhusu kuondoka. Na tafadhali usinipigie simu, hapa hawataki mtu azungumze kwenye simu. Niandikie kwa kompyuta, nitajibu siku hiyo hiyo.

Lakini kazi yenyewe nitaifanya. Soma polepole.

Nyuma ya kila skrini, upande wa chini, kuna tundu lenye pini tisa. Kupitia hapo skrini hupokea amri za maandishi. Rimoti inarusha mwanga, na mwanga hauchagui unapoangukia. Maandishi yanachagua. Nikiandika PW 04 1 kisha nikabonyeza Enter, itawaka ya nne peke yake. Nikimalizia na 0 badala ya 1, itazima. Ikitii itanijibu 04 OK. Nikiandika PW 04 ? itaniambia kama imewaka au imezimwa. Ni hayo tu. Hata wewe ungeweza.

Waya unatoka kwenye kisanduku kwenda skrini ya kwanza, ya kwanza kwenda ya pili, hivyo hivyo hadi ya sita, kama watu wanaopokezana ndoo. Kisanduku kiunge na intaneti ya ofisi. Kikishaungwa, kitapokea maneno yangu kutoka huku na kuyasukuma kwenye waya.

Mwambie fundi umeme wako asiunge rangi kwa rangi. Pini ya pili na ya tatu lazima zipishane. Inayosema huku iende kwa inayosikia kule. Mdomo kwa sikio. Mdomo kwa mdomo ni mambo mengine.

Waya


Ijumaa, 7 Machi

Wifi Waya,

Jina lako limekufaa kweli.

Fundi wangu Kipara aliunga rangi kwa rangi. Nilimsomea barua yako mara mbili. Akasema, "Mama, miaka thelathini naunga nyekundu na nyekundu, na bado niko hai." Siku nzima ukatuma maneno na hakuna kilichotikisika. Jana nikamwekea mbele mchoro wako, nikamwambia: "Huu ni mdomo, hili ni sikio. Wewe na mkeo mkisema wote kwa wakati mmoja, nani anasikia?" Akachukua koleo.

Leo asubuhi nilikuwa nimesimama jukwaani na kikombe changu cha chai. Mara skrini ya kwanza ikawaka. Peke yake! Hakuna aliyeigusa, rimoti iko kwenye droo, Kipara mikono yake mfukoni. Wewe uko nchi nyingine na umewasha skrini yangu! Chai imemwagika, nikapiga vigelegele ukumbi ukaitikia. Nilipogeuka, Kipara ananishika bega. "Mama," anasema, "mbona zote?"

Kweli. Zote sita. Tumerudi palepale pa rimoti. Na kwenye kompyuta ya ofisini, pale majibu yanapotokea, imeandikwa 0O10K1KO. Hiyo ni lugha gani?

Jingine. Watu wakinisikia nasema wifi yangu ndiye anayewasha skrini, wanadhani nasema mtandao. Nimechoka kueleza.

Na jingine tena, la siri. Kila asubuhi saa tatu unapotea kabisa, hujibu kitu hadi saa nne. Kazi gani hiyo yenye saa moja ya kujificha? Simu hutaki. Kamera ya kompyuta nilikuomba uwashe, umesema imeharibika. Wifi, mimi si mtoto. Kama una bwana mwingine niambie mimi kwanza kabla kaka yako hajasikia barabarani.

Mama Ukumbi


Jumamosi, 8 Machi

Mama Ukumbi,

Bwana ninaye mmoja, yule yule ambaye harusini kwake ulicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka.

Hiyo si lugha. Ni skrini sita zinajibu kwa pamoja na majibu yamegongana. Zimetoka kiwandani zote zikiitwa Moja. Ni kosa langu, nilipaswa kulifikiria kwanza. Nimemwita Moja, wameitika sita.

Zipe namba. Chukua mablanketi, funika skrini tano ili rimoti isizione. Iliyobaki wazi, ingia kwenye orodha ya mipangilio, tafuta sehemu ya namba ya kifaa, weka namba yake. Ifunike, funua inayofuata. Usiruke.

Mkishamaliza nitaita moja moja. Nina hamu kuliko wewe.

Waya


Ijumaa, 14 Machi

Wifi,

Nakuandikia, na si kwa furaha.

Jumatatu, wewe mwenyewe shahidi, mambo yalikuwa sawa. Uliita ya nne ikawaka ya nne. Uliita ya sita ikawaka ya sita. Waigizaji walikuwa wanaruka. Yule anayecheza mwoka mikate alilibusu dirisha lake. Ndipo nikajitia ujasiri nikamwalika Mwenyekiti aje leo aone kwa macho yake kabla ya siku yenyewe. Tulikubaliana saa tano kamili utaziwasha zote kwa pamoja, atakapokuwa anaingia mlangoni.

Saa tano anaingia. Zinawaka zote. Anasimama, anatabasamu. Nasema moyoni, magodoro kwisha habari yenu.

Zinazima zote. Zinawaka. Zinazima. Zinawaka, zinazima, zinawaka, zinazima! Hazikuacha. Mwenyekiti akakinga uso kwa kofia. "Mama Ukumbi," anasema, "hapa ndani kuna ajali?" Ningekupigia simu nikuambie acha, ungepokea? Kipara alikimbilia swichi kubwa, akazima na taa, tukabaki gizani na Mwenyekiti wa chama akitafuta mlango kwa kupapasa.

Nje akaniambia hivi, na nanukuu: "Mitambo inayoendeshwa na mtu asiyeonekana siitaki. Huyo wifi yako awe hapa ukumbini siku ya onyesho, kwa miguu yake miwili. Asipokuwepo, hakuna onyesho."

Basi panda ndege. Mwambie bosi wako umefiwa na mimi, nitakufa kwa ruhusa.

Mama Ukumbi


Ijumaa, 14 Machi, jioni

Mama Ukumbi,

Kosa ni langu, na ni kosa la mwanafunzi.

Nilitumia namba 00, ambayo maana yake ni skrini zote. Nikasubiri OK. Haikuja. Nikadhani zimekufa. Nikazima ili nianze upya, nikawasha, sikupata jibu, nikazima tena. Kumbe zilikuwa zinatii kila neno. Ukiziita kwa namba zao, zinaitika. Ukiziita zote kwa mkupuo, zinatenda bila kuitika, maana zimeundwa zisigombanie waya mmoja. Nimewafundisha watu jambo hilo darasani. Leo mwenyewe nimekaa hapa nazibembeleza, nanyi mnakata roho huko. Sitaigusa 00 tena.

Kuhusu miguu yangu miwili.

Niko hospitali. Nimelala hapa tangu mwisho wa Januari. Nina mimba ya miezi saba. Daktari amekataza nisisimame, isipokuwa kwenda msalani, tena nikiwa nimeshikwa. Mbili zilizotangulia unazijua zilivyokwisha, ndiyo sababu safari hii sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu. Simu zinakatazwa wodini kwa sababu ya wagonjwa wengine. Saa tatu asubuhi daktari anapita na kompyuta zinafungwa. Kamera haijaharibika.

Kwa hiyo siwezi kuja. Naweza kukuandikia amri zote umwachie Kipara azitume mwenyewe. Lakini nyinyi ni wawili na kazi ni tatu: pazia, sauti na madirisha. Na mimi hapa nina mikono miwili mizima na siku nzima ya kutazama dari. Usininyang'anye kazi hii.

Waya


Jumamosi, 15 Machi

Wewe mwanamke!

Miezi saba! Na mimi nakuita uje upande ngazi! Na mimi nakusingizia bwana! Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Kaka yako kaniuliza kuna nini, nikamwambia skrini. Nimemdanganya mume wangu kwa ajili yako, kumbuka hilo. Siri yako iko hapa, imefungwa na imekaliwa.

Nimekukasirikia. Hasira nitaila baadaye, sasa hivi nina furaha imenijaa hadi kooni na sina pa kuimwagia. Nimemkumbatia Kipara. Anadhani nimepandishwa cheo.

Kazi siwezi kukunyang'anya. Ila Mwenyekiti lazima akubali. Nimemwomba arudi Jumanne saa tano, daktari wako akiwa ameshapita. Nimemwambia: "Mzee, fundi haonekani, sawa. Lakini muulize chochote, uone kama hakusikii." Kipara atakaa kwenye kompyuta ya ofisini akuandikie anachotaka.

Kula. Usinyanyuke.

Mama Ukumbi


Jumanne, 18 Machi

Mama Ukumbi,

Nieleze haraka kilichotokea, wodi nzima inasubiri.

Mimi nimeona hivi. Kipara ameandika: Mzee anataka la pili. Nimewasha, 02 OK. Anataka la tano. 05 OK. Zima la pili. 02 OK. Kisha: Mzee anataka la saba. Nimejibu: Halipo. Kikafuata kimya cha kutisha. Mwenzangu wa kitanda cha pili, mwalimu wa hesabu, ameshaniambia nimemtukana mtu mzima.

Waya


Jumanne, 18 Machi

Wifi,

Umemshinda! Aliuliza la saba makusudi. Kipara alimsomea jibu lako neno moja, "Halipo." Mwenyekiti akacheka mpaka akashika kiti. "Huyu anaona kuliko nyinyi mlio hapa," kasema. "Angewasha la saba ningeondoka." Onyesho lipo!

Mpangilio ni huu. Mimi nyuma ya jukwaa na pazia. Kipara juu kwenye sauti na kompyuta, atakuandikia SASA kila zamu ya dirisha inapofika. Mimi na yeye tuna redio za mkononi. Utaratibu wa madirisha: la nne, la kwanza, la sita, la pili, la tatu. La tano liwake mwisho kabisa, lile la bibi ambaye wote wanadhani alishahama.

Mama Ukumbi


Jumapili, 30 Machi

Mama Ukumbi,

Nakuandikia kabla daktari hajapita. Jana usiku hukuandika na Kipara naye alikata. Nakupa upande wangu.

Muuguzi mkuu alituruhusu kompyuta hadi saa tatu usiku, kwa sharti kwamba hakuna kelele. Vitanda vinne vilisogezwa karibu na changu. Hatukuwa na picha wala sauti. Tulikuwa na kioo cheusi na herufi nyeupe.

SASA ya kwanza ikaja. PW 04 1. 04 OK. Mwalimu wa hesabu akanifinya mguu. SASA ya pili, 01 OK. Tukasema hii kazi rahisi.

SASA ya tatu. PW 06 1. Hakuna kitu. Nikarudia. Hakuna kitu. Kipara akaandika SASA SASA SASA, kana kwamba mimi ndiye nimelala. Sikutaka kurudia kosa la siku ile, kwa hiyo nikauliza hali, moja moja. Ya nne, iliyokuwa imeitika muda mfupi uliopita, kimya. Ya tatu kimya. Ya pili ikanijibu: imezimwa. Basi waya umekatika baina ya pili na tatu, na wote walio mbele yake hawanisikii. Nikamwandikia Kipara: KATI YA 2 NA 3. Kisha nikawa naiita ya sita. Naita, nasubiri, naita. Muuguzi alikuja kutunyamazisha, akauliza mnangoja nini, akaambiwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu.

06 OK.

Wifi, wanawake watano wasioruhusiwa kukohoa walipiga kelele. Muuguzi ndiye aliyepiga kubwa kuliko wote. Daktari wa zamu alikuja mbio na kipimo chake shingoni. Baada ya hapo 02 OK, 03 OK, na mwisho 05 OK, na hapo mwalimu wa hesabu alilia, eti kwa ajili ya bibi aliyedhaniwa amehama. Igizo hajaliona hata chembe.

Nami sijaona. Nimeona OK sita. Tafadhali niambie, ilionekanaje?

Waya


Jumapili, 30 Machi

Wifi yangu,

Unaniuliza ilionekanaje. Sijui.

Mwoka mikate alipotoka mbio na trei zake alikanyaga waya nyuma ya dirisha la pili. Skrubu ya plagi ikavunjika, plagi ikadondoka. Mimi niko pembeni, sijui hili wala lile. Nasikia tu mwigizaji wa chini anaita, "Jirani wa juu! Amka!" Hakuna dirisha. Anaita tena. Nikajua tumekwisha. Yule kijana Mungu ambariki, akawageukia watazamaji: "Jamani, huyu ana usingizi wa kifo. Nisaidieni." Na watu wakaanza, safu ya mbele kwanza, kisha ukumbi mzima, viti vyote na waliosimama: "Amka! Amka! Amka!" Mbao za jukwaa zilikuwa zinatetemeka chini ya magoti yangu, maana wakati huo Kipara alishaniambia kwenye redio, "Mama, kati ya pili na tatu," na mimi nilikuwa natambaa nyuma ya ukuta nikipapasa gizani.

Nikaipata plagi. Nikaichomeka. Nikaachia, ikadondoka. Nikaichomeka tena, nikaishikilia kwa mikono miwili, na palepale juu ya kichwa changu nikaona mwanga. Kilichofuata siwezi kukuandikia. Sijawahi kusikia watu wakishangilia hivyo kwa sababu mtu kaamka.

Sasa mimi niachie vipi? Nikiachia, wewe huko hupati mtu. Nikakaa hapo hapo chini, mgongo kwenye ukuta, miguu imekufa ganzi, nimeishika plagi hadi mwisho. Pazia alilifunga mwoka mikate, kwa adhabu. Nilichoona mimi ni nyuma ya mbao, misumari, na kiatu kimoja cha mtu. Niliyosikia ni vicheko, na la tano lilipowaka, viti vikilia kwa watu kusimama.

Baadaye taa za ukumbi zikawaka, watu wanatoka, mimi bado niko chini. Mara kofia ya Mwenyekiti inachungulia nyuma ya ukuta.

"Unafanya nini huko?"

"Nimeshika waya, mzee."

"Wamekwisha kuondoka. Toka."

"Siwezi kuachia. Wifi yangu bado hajazima."

Akaniangalia. Akavua kofia, akajikunyata, akatambaa kwa suti yake mpaka nilipo, akaishika plagi kwa mkono wake mwenyewe. "Nenda kanyooshe miguu," akasema. "Mimi nitamngojea."

Alikungoja mpaka ulipozima ya mwisho. Kisha akauliza kama ile sehemu ya kumwamsha jirani itakuwepo na Jumamosi ijayo, maana anataka kumleta mkewe. Sikumwambia ilikuwa ajali. Waigizaji wameshaiandika kwenye igizo, na Jumamosi tutacheza tena.

Leo asubuhi kamati imekaa, robo saa tu. Mfanyabiashara alikuwa nje na lori lake, amekuja kupima milango. Mwenyekiti alimfungulia dirisha la ofisi akamwambia kwa sauti ambayo barabara yote ilisikia:

"Bwana mkubwa, hapa watu wameamka. Magodoro yatafutie pengine pa kulala."

Mama Ukumbi